Vitabu Vinne na Kicheko Kimoja

Anton Limbu,
Fundi Bati,
Ng'ambo, Tabora.
Mwezi wa sita, baridi imeanza.

Mwanangu Elieth,

Najua ukiifungua tu barua hii utasema shikamoo hata kama uko peke yako chumbani, kwa hiyo natanguliza marahaba yako hapa juu isije ikapotea njiani. Marahaba, mama. U mzima? Kifua kile cha utotoni hakikusumbui na joto la huko Dar es Salaam? Unakula, au unakunywa chai tu na kusema umekula? Jibu swali moja moja, usije ukanijibu kwa mkupuo kwamba hamjambo wote.

Mimi ni mzima kabisa. Goti la kushoto linajaribu kunizoea lakini sijalipa nafasi. Kazi ipo. Vijana wameleta ndoo za plastiki mji mzima, zinapasuka, wanarudi kwangu wananiuliza kama naweza kuziba plastiki. Nawaambia mimi naziba bati kwa risasi ya kuyeyusha na moto, sizibi upuuzi. Msimu wa tumbaku uliopita nilitengeneza mabomba ya mabani, yale majengo ya kukaushia majani, kwa watu wa Urambo na Ulyankulu, na hakuna bani hata moja lililovuja moshi. Uliza huko wote, wanalijua jina langu.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Simu yako nikipiga unaniambia, baba nipo kikaoni. Nikipiga jioni uko kwenye foleni. Vitabu vinne haviwezi kupita kwenye simu ya mtu aliye kikaoni. Halafu watu hapa mtaani wanadhani mimi siwezi kuandika barua ndefu. Mwenyekiti wa mtaa ameniambia nimwite mjukuu wake aniandikie. Nikamwambia mimi nilijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima pale parokiani, nikiwa na nyundo mkononi, na mwalimu wetu alisema hajapata kuona mtu mbishi kwa herufi kama mimi. Basi herufi zote hizi ni zangu. Zikiwa kubwa, ni kwa sababu nina nguvu ya mkono.

Sasa nije kwenye vitabu. Furushi lako lilifika salama na basi, kondakta alitaka kujua ndani kuna nini, nikamwambia ni elimu, akaniachia. Ulisema nivisome vyote nikueleze maoni yangu, na ukasema hicho chenye jalada la bluu nikisome mwisho, na juu ya hicho niseme ukweli mtupu. Hapo sauti yako ilipungua kidogo. Nikadhani ni mtandao.

Nimevisoma vyote mpaka kwenye karatasi ya mwisho inayotaja mahali vilipochapwa. Na sikusoma peke yangu. Nilimsomea Nasri, yule Mzaramo wa reli. Unamkumbuka, hata kama hutaki kumkumbuka. Macho yake siku hizi yanaona treni tu, herufi haoni. Kila alasiri anakuja kibandani kwangu, anakalia debe, anakohoa kwanza, kisha ananiambia, haya mpagazi, tua mzigo tusikie. Mimi namjibu kwamba babu yangu alibeba pembe mgongoni mpaka Bagamoyo na babu yake alichobeba ni tumbo tu. Tukishamaliza salamu hizo ndiyo nasoma.

Tulianza na kile chenye bastola kwenye jalada. Tajiri mmoja kauawa shambani kwake, inspekta anakuja na miwani myeusi. Mwanangu, mimi muuaji nilimjua mapema sana. Nilisema ni mpishi. Nasri akasema ni mke. Mpishi akauawa naye, basi nikasema ni daktari, maana daktari alikuwa na viatu visivyo na vumbi na shamba lote vumbi. Daktari akatokea kuwa ni askari wa siri. Mwishoni ikawa ni wakili, na mimi wakili nilishamtaja siku ile ya kwanza, ila Nasri amesahau, na ubishi huo haujaisha mpaka leo.

Kosa la kitabu kile ni moja. Yule inspekta hasalimii. Anaingia nyumbani kwa watu wenye msiba anauliza, ulikuwa wapi saa tatu usiku. Hapa Tabora mtu wa namna hiyo hapati jibu hata akiuliza njia ya sokoni. Angekaa, angepewa maji, angeuliza habari za shamba, za mvua, za wagonjwa, na yule wakili mwenyewe angejitaja kabla ya chai kupoa. Kitabu kingekuwa kifupi zaidi, hilo nakubali. Lakini kingekuwa cha kweli.

Kisha tukasoma kile chekundu cha mapenzi. Nesi na injinia. Wanaandikiana meseji, wanakasirikiana, wanalia kwenye mvua, wanalia uwanja wa ndege, wanalia hospitali. Nasri alikipenda mno, mzee mzima anafuta macho kwa kofia yake, ananiambia nirudie pale injinia alipopiga magoti. Nikarudia. Nikamuuliza, wewe Nasri, tangu mwanzo wa kitabu hiki umeona mtu akila? Akafikiri. Hakuna. Kitabu kizima watu wazima wawili wanapendana na hakuna hata kiazi. Huo ni ugonjwa tu, mapenzi hayajafika.

Mimi na mama yako hatukuwahi kuambiana nakupenda hata siku moja. Nilikwenda Ulyankulu kufunga mabomba kwenye bani la baba yake, mzee Gervasi, Mungu amrehemu. Mimi juu ya paa, chini pale binti anapika maharage. Akachota mchuzi kwa mwiko, akadondoshea nyuma ya kiganja chake, akaulamba, akafunga jicho moja, akasema peke yake, mchuzi bado una haya. Akaongeza chumvi. Mimi sijapata kusikia mtu akisema mchuzi una haya. Nikamuuliza kutoka juu ya paa, haya ya nini? Akasema, chumvi ipo lakini inajificha nyuma ya mlango kama mkwe. Nilifunga bomba lile vibaya makusudi ili nirudi wiki iliyofuata kulirekebisha. Ndilo bomba pekee katika maisha yangu lililovuja. Sasa hayo ndiyo mapenzi, na hakuna aliyepiga magoti.

Maneno hayo aliyasema mpaka mwisho, wewe mwenyewe umekua nayo. Pale kwenye kibanda chake cha chakula karibu na stesheni, wafanyakazi wa reli walikuwa wakifika wanauliza kwanza, mama Elieth, leo mchuzi umeshaacha haya? Na kelele za Nasri zilikuwa kubwa kuliko za wote, maana alikuwa anakula kwa mkopo.

Kitabu cha tatu ni kile kinene cha misafara ya zamani. Hapo nilinyoosha mgongo, nikamwambia Nasri anyamaze, sasa tunasoma mambo ya kwetu. Nilitegemea makubwa. Na kweli yule mwandishi amesoma, anajua majina ya vituo vyote kutoka hapa Kwihara, Ugogoni, mpaka pwani, anajua shanga za kila rangi. Lakini wapagazi wake wanalia tu. Wanaamka wanalia, wanabeba wanalia. Mimi sikatai, taabu ilikuwepo, watu walikufa njiani. Ila babu yangu hakusimulia kwa kulia. Alisema kijana wa Kinyamwezi ambaye hajaona bahari aliitwa mtoto hata akiwa na ndevu, na wasichana hawakumjibu salamu. Waliimba, walitambiana, mwenye mzigo mzito alitembea mbele kwa maringo. Huyo mwandishi amewanyima maringo yao, na mtu ukimnyima maringo yake umemwibia zaidi ya pembe.

Halafu kuna mahali amekosea vibaya nikafunga kitabu. Mpagazi mmoja anafia karibu na pwani. Wenyeji wa pale wanakuja, wanamtukana maiti, mmoja anavaa shuka lake na kutembea kama yeye alivyokuwa akichechemea, wanacheka. Mwandishi anasema tazama ukatili. Elieth, sio ukatili! Ni utani. Hata Nasri aliruka kutoka kwenye debe. Tulikieleza kibanda kizima, na fundi viatu wa jirani akaja kusikiliza.

Wewe umesoma vyuo lakini nisikilize. Mnyamwezi yule amekufa mbali. Mama yake hayupo, ndugu zake hawapo. Nani atamchimbia kaburi? Ni yule wa pwani ambaye jana alikuwa anamwita mbeba mizigo. Ndiyo mapatano yao ya tangu njia ile ilipoanza. Mimi nakutukana ukiwa hai, hukasiriki, na ukifa mimi ndiye nakuzika. Na wakati wa kukuzika natembea kama ulivyotembea na nasema kama ulivyosema, ili waliobaki wakuone mara moja tena kabla udongo haujafunika. Kama sina haki ya kukuigiza, sina haki ya kushika jembe. Ndiyo maana mimi na Mzaramo yule hatujasalimiana kwa adabu tangu tujuane, na siku nikifa mwenye jembe ni yeye, labda yeye atangulie, nami nitamwigiza kikohozi chake mpaka watu wazimie.

Hayo yote nimeyaandika kwa urefu kwa sababu ninayoijua mimi. Sasa nakuja kwenye kitabu cha bluu.

Nitasema ukweli mtupu kama ulivyoagiza. Katika vinne hivi, hicho ndicho bora, na kinavipita vingine mbali kabisa. Jina la mwandishi silijui, ni jina zuri tu la kike. Hadithi inatokea Lindi, baba ni sajenti wa polisi, mama anapika vitumbua na mchuzi wa samaki, wana binti mmoja anayesoma bweni. Watu wanasalimiana. Watu wanakula. Mvua ikinyesha unaisikia juu ya bati. Hata yule sajenti, ingawa ni mtu mwenye kichwa kigumu asiyesikia la mtu na anayejisifu mpaka anachosha, nilimpenda. Nasri alicheka sana kila sajenti alipofungua mdomo. Akaniuliza huyu mwandishi kawajulia wapi watu wa namna hii. Nikamwambia mwandishi hawajui, sajenti ni mtu mwenye msimamo tu.

Tukaendelea vizuri siku kadhaa. Siku moja tukafika mahali mama anapika, binti anamtazama mlangoni. Mama anachota mchuzi, anadondoshea nyuma ya kiganja, analamba.

Nikarudisha kidole mwanzo wa mstari. Nasri akasema, soma mpagazi, au umekutana na neno kubwa? Nikamwambia jasho limeingia jichoni. Nikasoma mbele kimya kimya, kwa kidole. Mama wa Lindi alifunga jicho moja, akasema mchuzi bado una haya.

Elieth, jina lililoko kwenye jalada ni rangi tu. Mtu anaweza kupaka ndoo rangi anayotaka, bluu, nyekundu, lakini mimi ndiye niliyekata bati hilo, nalijua kwa mlio wake. Kitabu ni chako. Nilijua hapo hapo, kabla ya mtu kunieleza, na Mungu ni shahidi, nilijivuna mpaka goti likaacha kuuma. Mwanangu ameandika kitabu! Nilitaka kutoka nje nimwambie mwenyekiti wa mtaa. Nikasema ngoja kwanza nimalize, nimtangazie kwa ukamilifu.

Ndipo nikafika kwenye msiba.

Nilimsomea Nasri sura hiyo yote, sikuruka neno. Binti anashuka kwenye basi na sanduku lake la shule. Anafika nyumbani jua linawaka. Amekuja kumzika mama yake. Uani anamkuta mlevi mmoja amejifunga kitenge cha mama, na kilemba cha mama, anazunguka na mwiko. Na baba yake, sajenti, anacheka. Umeandika, alicheka mpaka akashika ukuta. Na binti anasema moyoni, kumbe alikuwa anasubiri afe. Tangu siku hiyo binti hajalala tena kwenye nyumba ile. Akija mjini analala nyumba ya wageni, anamsalimu baba yake kama anavyosalimiwa ofisa, anaondoka.

Nilipomaliza nilifunga kitabu. Nasri hata hakukohoa. Mimi namjua Nasri tangu tuna nywele, hajawahi kukosa tusi. Siku hiyo alivua kofia akaiweka magotini, akasema, kumbe mtoto alikuwa ameshafika. Kisha akaniambia atapanda treni aje kwako akuombe radhi. Nikamkatalia kwa ukali. Mtani haombi radhi kwa kazi aliyoifanya sawasawa. Nikamwambia wewe kaa na kikohozi chako, barua nitaandika mimi.

Basi hii ndiyo barua. Hayo mengine yote huko juu yalikuwa ni kusafisha koo.

Miaka yote hii sikujua kwa nini unalala nyumba ya wageni. Nilidhani ni choo chetu. Nikajenga choo kipya cha ndani, chenye vigae, ukaja ukakisifia, ukaenda kulala nyumba ya wageni. Nikadhani basi ni ukubwa wa watu wa Dar es Salaam. Sikuuliza. Mimi si mtu wa kuuliza, unanijua. Na wewe si mtu wa kusema, sijui umerithi wapi.

Siku ile ulitoka stesheni moja kwa moja, ukapita mlango wa uani, ukakaa kwenye mikeka ya wajomba zako wa Ulyankulu. Hapo ndipo bahati ilipotukimbia. Ungekaa upande wa majirani, mama yeyote wa Ng'ambo angekunong'oneza kwamba huyo ni mtani, anafanya kazi yake. Lakini wa kwa mama yako hawana watani hapa. Wao walikuja nchi hii wakikimbia vita, na kwao msiba ni kunyamaza na kusali, na nawaheshimu. Mama yako mdogo Kaneza alikufunika uso kwa khanga yake usione. Nilimwona akikufunika. Nilidhani anakukinga na jua. Likizo zote baada ya pale ukaenda kwake, nikasema vema, mtoto anahitaji mwanamke wa kumlea.

Yule aliyejifunga kitenge alikuwa Nasri, na hakuwa amelewa. Nasri hajapata kuonja pombe tangu azaliwe, hilo katika kitabu chako limemuuma kuliko yote. Asubuhi ile kabla hujafika alikuwa makaburini na jembe. Udongo wa mwezi ule ni mgumu kama tofali, viganja vyake vilipasuka. Mama yako ni wa Ulyankulu, wala hakuwa na utani naye wa kabila, watu walimwambia hana haki. Akasema mke wa mpagazi wangu ni wangu kumzika, na nilikula maharage yake kwa mkopo, nani mwingine mwenye haki? Ndipo akaja, akaomba kitenge chake, akajifunga, akashika mwiko. Akatembea kama yeye, ule mguu mmoja unaowahi mwenzake. Akanigombeza kwa viatu vyangu vinavyodondosha risasi sakafuni. Akawadai wale wa reli madeni yao mmoja mmoja kwa majina, na yeye mwenyewe akajidai, akajijibu kwamba atalipa mwisho wa mwezi. Watu wakaanza kucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa kama gunia, tangu mama yako akate roho sikuwa nimetoa sauti wala chozi.

Kisha akachota hewa kwa mwiko. Akadondoshea nyuma ya kiganja, kiganja kile kilichopasuka. Akalamba. Akafunga jicho moja. Akasema, kwa sauti ya mama yako, ile ile, na lafudhi yake ile ya kwao ambayo hakuiacha, mchuzi bado una haya.

Mwanangu, niligeuka kutazama jikoni. Niligeuka kabisa, na shingo na mabega, nikamtafuta. Kwa muda ule wa mtu kulamba chumvi alikuwepo nyumbani kwake. Ndipo nikacheka. Nilicheka kwa sababu nilimsikia. Ukafika mlangoni na sanduku lako nikiwa nimeshika ukuta.

Hapo kitabu chako kimesema kweli, niliushika ukuta. Ila ulichelewa kwa sentensi moja.

Siombi radhi kwa kucheka. Ningecheka tena. Wala usibadilishe kitabu, usifute hata nukta, kimeandikwa na mtu aliyeona alichokiona, na sajenti acheke humo milele, ni sajenti wa Lindi. Mimi nataka mwandishi wake tu ajue, hao wasomaji wengine shauri yao.

Na sasa nikueleze jambo ambalo hata wewe hukuliandika kwa sababu hakuna anayelijua. Sisi hatuna kanda ya mama yako. Hatuna video. Simu za wakati ule zilikuwa za kupigia tu. Picha zipo mbili, na zote amefunga mdomo. Basi kuna siku nyumba inakuwa kubwa, naweka nyundo chini, nakwenda kwa Nasri. Nakaa tu. Yeye ananitazama, ananiita mpagazi mjinga, anadai kahawa kwanza. Akishainywa anachota, anadondosha, analamba, anasema. Ni maneno yale tu. Narudi kazini.

Sauti ya mama yako, Elieth, iko kwenye koo la Mzaramo mmoja, na koo hilo sasa lina kikohozi kisichosikia dawa. Daktari amemtazama kifua, hakusema mengi. Kila msimu namwona Nasri anaikosea kidogo, inamtoka nusu, anarudia. Sikuambii ili kukutisha. Nakuambia kwa sababu wewe unayo masikio ya kuandika, na ungefaa kuisikia kabla haijachakaa. Mwezi wa nane tuna misa ya kumbukumbu yake, na padri mmoja wa Kipalapala ameahidi kuja. Mama yako mdogo Kaneza nimeshamwalika, naye nitamweleza, nikiweza. Kitanda chako nimekipigilia misumari mipya. Uamuzi ni wako, mimi si mtu wa kubembeleza.

Na maoni yangu ya mwisho juu ya uandishi, kwa kuwa uliuliza. Unaandika vizuri kuliko wale watatu. Umetoka kwa nani ni wazi.

Wasalimie wote unaofanya nao kazi, waambie baba yako ni fundi na msomaji. Majirani wa Ng'ambo wanakusalimu, fundi viatu anakusalimu, ameanza na yeye kutaka vitabu. Mungu akulinde kwenye barabara zenu hizo. Kula.

Ni mimi baba yako mzazi,
Anton Limbu.

Nilikuwa nimeshapaka gundi ya bahasha, nikaona nimsomee Nasri kwanza, maana ametajwa. Alisikiliza yote bila kunikatiza isipokuwa pale kwenye kukopa maharage, anasema alilipa. Nilipomaliza akanyoosha mkono akaichukua karatasi, akaichungulia kama anaiona. Akachota juu yake kwa kidole, akadondoshea nyuma ya kiganja, akalamba, akafunga jicho moja. Akasema, kwa sauti ya mama yako, bila kukosea:

Bado ina haya.

Basi naongeza chumvi. Mwanangu, nimekukumbuka tangu siku ile. Njoo ulale nyumbani.